Ukaguzi wa antibaiotiki kwa wagonjwa wa nje, zahanati za Lamu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yametoka kwa wauguzi, maafisa wa kliniki, wauza dawa na wanakamati wa zahanati, tangu Witu na Mpeketoni hadi Faza na Kizingitini. Anayejibu ni mtu wa famasia ambaye sehemu kubwa ya kazi yake ni kukaa na daftari la wagonjwa wa nje na kuuliza, mstari kwa mstari: huyu alipewa antibaiotiki, je, alizihitaji? Mengine nimeyajibu kwa maneno mawili. Mengine nimekaa nayo, kwa sababu ndipo tunapoangukia.

Ukaguzi huu ni wa nini? Mwatafuta wa kumlaumu?

La. Mwenye kuja na daftari la makosa na kalamu nyekundu arudi na boti iliyomleta. Tunachotafuta ni mazoea: dawa gani hutolewa kwa ugonjwa gani, na kwa nini. Mwaka 2019 watu wapatao milioni 1.27 duniani walikufa moja kwa moja kwa maambukizi yaliyozikataa dawa. Na sehemu kubwa ya antibaiotiki anazotumia binadamu haitumiki wodini. Hupewa watu waliokuja kwa miguu yao, wakakaa benchi, wakaitwa, wakarudi nyumbani na bahasha. Hao ndio wetu.

Twaanza na daftari gani?

Daftari za Wizara ya Afya za wagonjwa wa nje: MOH 204A kwa watoto walio chini ya miaka 5, na MOH 204B kwa wenye miaka 5 kwenda juu. Ripoti za mwezi, zile za MOH 705, hazikufai kwa kazi hii: zakuambia wangapi waliugua nini, hazikuambii nani alipewa nini. Wachukue wagonjwa wapya peke yao. Aliyekuja kufungwa kidonda, aliyekuja kliniki ya wajawazito, aliyekuja kupanga uzazi, waache.

Wagonjwa wangapi wanatosha?

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 1993, ambao bado ndio msingi wa ukaguzi wa aina hii, unasema ukitaka picha ya eneo zima chukua vituo 20 na wagonjwa 30 kila kimoja, jumla 600. Ukitaka kukijua kituo kimoja, chukua 100 wa hapo hapo.

Idadi si tatizo. Tatizo ni tarehe. Mtu hufungua daftari, akachukua kurasa za mwisho kwa kuwa ndizo ziko juu, akahesabu 100, akamaliza kabla ya adhuhuri. Ikiwa kurasa hizo ni za mwezi wa Juni, mvua na kusi vimepiga, kila mtoto ana mafua, utapata kituo kinachomwaga amoxicillin kama maji. Ikiwa ni za Februari, kaskazi limetulia, utapata kituo cha watu watakatifu. Kituo ni kile kile. Gawanya mwaka mzima: kama zahanati ilipata wagonjwa wapya 2,400, chukua kila wa 24, na wa kuanzia umchague kwa kura.

Kipi kihesabiwe kuwa antibaiotiki?

Kubalianeni kabla hamjafungua ukurasa wa kwanza. Mimi mwenyewe ukaguzi wangu wa kwanza niliuharibu hapa. Nilihesabu kila cotrimoxazole niliyoiona, nikasahau kwamba wengine walikuwa wanaoishi na virusi vya ukimwi waliopewa kila siku kwa ajili ya kinga. Nikahesabu na mafuta ya macho ya tetracycline. Asilimia ikapanda hadi muuguzi mkuu akanitazama kama aliyeibiwa. Nilipoondoa hizo mbili, kituo kikawa na sura nyingine, na nikaomba radhi mbele ya watu wale wale.

Kanuni tunayoitumia sasa: za kumeza na za sindano zahesabiwa, za macho, masikio na ngozi zaandikwa pembeni. Za malaria, za virusi, za kifua kikuu na cotrimoxazole ya kinga hazimo. Metronidazole imo, hata kama mwandikaji alikuwa na amiba akilini. Na mgonjwa aliyepewa antibaiotiki mbili ni mgonjwa mmoja unapotafuta asilimia ya waliopewa, lakini ni dawa mbili unapotafuta aina.

Kiwango kizuri ni kipi? Nasikia asilimia 30.

Asilimia 30 ya wagonjwa kupewa antibaiotiki yanukuliwa kila mahali kama kikomo, na si vibaya kuwa nayo ukutani. Ila usiifanye sheria. Zahanati iliyo peke yake kisiwani, ambayo watu huijia wakiwa wameshazidiwa, haifanani na ya mjini ambayo mtu huingia akitoka sokoni. Jilinganishe na wewe mwenyewe wa mwaka jana.

Hizi rangi za kijani, manjano na nyekundu ni nini?

Ni mgawanyo wa antibaiotiki uitwao AWaRe, ulioletwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2017. Kama taa za barabarani, ambazo Mji wa Kale hatuna wala hatuzihitaji. Kijani ni dawa za kuanzia: amoxicillin, cotrimoxazole, doxycycline, flucloxacillin, nitrofurantoin, gentamicin. Manjano ni za kutumiwa kwa tahadhari kwa sababu bakteria huzizoea upesi: ciprofloxacin, azithromycin, erythromycin, cefixime, ceftriaxone. Nyekundu ni akiba ya mwisho, kama colistin na linezolid. Ukikuta nyekundu kwenye zahanati, piga simu kwanza, uulize maswali baadaye.

Lengo la zamani lilikuwa angalau asilimia 60 ya antibaiotiki zote ziwe za kijani. Septemba 2024, kwenye mkutano wa Umoja wa Mataifa, nchi zilikubaliana kufika asilimia 70 ifikapo 2030.

Kituo chetu kimepita asilimia 70 za kijani. Tumefaulu?

Huenda. Hapa ndipo ningependa usome polepole, maana nambari hii imewahi kutudanganya.

Tuchukue mfano wa kukokotoa, si wa kituo chochote. Wagonjwa 100, waliopewa antibaiotiki ni 46. Dawa zenyewe ni 52, na kati yake 38 ni za kijani na 14 za manjano. Thelathini na nane kwa hamsini na mbili ni asilimia 73. Makofi, picha ya pamoja, soda.

Sasa rudi kwenye mistari. Kati ya zile 38, 20 ni amoxicillin iliyotolewa kwa mafua ya kawaida, ambayo ni virusi na hayajali amoxicillin. Wauguzi wakaelewa, wakaacha. Ukaguzi unaofuata wana za kijani 18 na za manjano 14, jumla 32. Kumi na nane kwa thelathini na mbili: asilimia 56. Kituo kimefanya vizuri zaidi na kwenye karatasi kimeanguka!

Maana yake ni kwamba kumpa kila mwenye makamasi amoxicillin ni njia rahisi ya kupendeza kwenye ripoti ya rangi. Ndiyo sababu siandiki asilimia ya kijani bila kuandika kando yake asilimia ya wagonjwa waliopewa antibaiotiki, na kando ya hiyo, wangapi kati yao walikuwa na ugonjwa unaozihitaji. Ukilazimika kubaki na nambari moja tu, baki na hiyo ya tatu. Ni ngumu kuipata, ndiyo maana wengi huiruka.

Tutajuaje kwamba ugonjwa ulizihitaji? Daftari lasema nimonia.

Daftari husema kile mkono ulichoandika, na mara nyingine mkono uliandika dawa kwanza, ugonjwa ukafuata. Mstari wa aina hii nimekutana nao mara nyingi: mtoto wa miezi 14, joto 37.4, kikohozi na mafua siku mbili, ugonjwa nimonia, dawa amoxicillin. Kila kitu kimo isipokuwa kimoja: alipumua mara ngapi kwa dakika?

Mtoto wa miezi 2 hadi 11 akipumua mara 50 au zaidi kwa dakika, na wa miezi 12 hadi 59 akipumua mara 40 au zaidi, huyo pamoja na kikohozi twamchukua kuwa ana nimonia. Chini ya hapo, na kifua chini ya mbavu hakiingii ndani, na hana dalili za hatari, ni mafua. Anyonye, apewe maji, mama aambiwe ni lini arudi.

Kuhesabu kwenyewe si mchezo. Mtoto awe ametulia, mapajani kwa mama, nguo imeinuliwa hadi kifuani, na saa mkononi kwa dakika nzima. Si sekunde 15 mara nne. Mtoto hupumua kwa vipindi, atakudanganya. Akilia, ngoja. Akianza kunyonya, ngoja amalize. Nimemwona muuguzi mmoja akianza upya mara tatu kwa mtoto mmoja huku benchi nje limejaa hadi kwenye mwembe. Alipata 36. Mama aliondoka bila amoxicillin, na bila furaha.

Kwa hivyo kwenye fomu yetu, nimonia isiyo na hesabu ya pumzi twaiandika “haikuthibitishwa”. Hatusemi si kweli. Twasema hatuwezi kujua.

Na koo?

Koo si mafua, msiyachanganye. Koo nyingi ni za virusi, lakini ile ya bakteria aitwaye streptokoka ikiachwa yaweza kuishia kwenye moyo wa mtoto. Mwenye usaha kwenye mafindofindo, homa, tezi za shingo zinazouma na asiye na kikohozi ana haki ya penisilini au amoxicillin. Mkaguzi asimkate.

Kipimo cha malaria kikitoka hasi, mgonjwa atoke mikono mitupu?

Swali hili lina historia. Zamani kila homa ilikuwa malaria. Vipimo vya haraka vilipofika, dawa za malaria zilipungua, jambo jema, lakini utafiti katika nchi kadhaa za Afrika na Asia ulionyesha kwamba aliyepimwa akaonekana hana malaria hupewa antibaiotiki zaidi. Mkono ulizoea kutoa kitu.

Tafuta mistari yenye kipimo hasi, uisome peke yake. Hapo utaijua zahanati. Ukiona “homa, malaria hasi, ciprofloxacin” ukurasa baada ya ukurasa, una la kuzungumza na wenyewe.

Taifodi je? Watu huja wakisema wanayo.

Huja wakisema wanayo kwa sababu waliambiwa wanayo. Kipimo cha Widal cha mara moja huonyesha tu kwamba damu iliwahi kukutana na kitu kinachofanana na taifodi, pengine miaka iliyopita. Mtu akiwa na maumivu ya viungo na uchovu, Widal ikiwaka, anarudi na ciprofloxacin au sindano za ceftriaxone, zote za manjano. Taifodi ya kweli ipo, na ni ya maji machafu. Kuijua kwa hakika kunahitaji kuotesha bakteria kutoka kwenye damu maabarani, huduma ambayo zahanati haina. Kwenye ukaguzi, taifodi iliyosimama juu ya Widal pekee twaihesabu pembeni. Kusema kweli, sioni kitu kinachotumaliza dawa za manjano kama karatasi hii ya Widal.

Kuhara?

ORS, ile chumvi ya kuchanganya na maji ya kunywa, na zinki: zinki miligramu 20 kwa siku, au 10 kwa aliye chini ya miezi 6, siku 10 hadi 14. Antibaiotiki ni kwa damu kwenye choo, au kipindupindu kikiwa kimeingia. Hesabu wangapi walipata metronidazole bila zinki.

Wagonjwa ndio wanaozitaka. Tufanyeje?

Si wote. Mara nyingi mtu akisema “Daktari, nipe dawa ya nguvu,” anachouliza ni kama umemsikia. Mazungumzo haya niliyasikia nikiwa nimekaa pembeni na fomu zangu:

“Mwanangu, huyu mjukuu wangu siku ya tatu halali. Mwandikie zile za rangi mbili.”

“Bi mkubwa, shikamoo. Nimemhesabu pumzi, kifua chake ki salama. Za rangi mbili hazitamlaza, zitamharisha tu. Mpe maji ya vuguvugu na asali.”

“Asali ya kwangu ipo. Na akizidi?”

“Akipumua mbio, au akikataa kunyonya, au akiwa mzito kuamka, mlete hata usiku. Nyumba yangu waijua.”

Akaenda. Neno lililomwondoa ni lile la mwisho, wala si elimu ya bakteria. Wahenga walisema mchelea mwana kulia hulia yeye, na bibi yule alilijua hilo kabla ya muuguzi. Ila umri: mtoto wa chini ya mwaka mmoja hapewi asali, na yule alikuwa amekwisha kutimiza miwili.

Ramadhani hesabu zetu hubadilika. Ni kawaida?

Ndiyo, na wakaguzi kutoka nje hawalioni. Amoxicillin ni kila baada ya saa nane. Aliyefunga ataruka ya mchana au ataomba ya mara moja kwa siku. Mwandikaji akimhurumia, atampa azithromycin, na manjano yatapanda mwezi huo. Kwanza muulize kama kweli anahitaji antibaiotiki. Akihitaji, mgonjwa ana ruhusa ya kufungua, na maneno hayo yakitoka kwa imamu hushika kuliko yakitoka kwangu. Na pale doxycycline inapofaa, ni mara mbili: futari na daku, tena ya kijani. Andikeni mwezi wa Ramadhani kwenye fomu ili anayesoma baadaye asishangae.

Dawa zenyewe haziji. Utamkagua mtu kwa rafu tupu?

Hapana, na swali hili ni la haki kabisa. Mzigo wa KEMSA, wakala wa serikali wa ugavi wa dawa, ukichelewa, amoxicillin ya watoto ikaisha, muuguzi atatoa kilichopo. Kwenda kisiwa cha Pate kwa kupitia mlango wa bahari wa Mkanda, boti yangoja maji yajae. Sanduku la dawa nalo langoja. Kwa hivyo kabla ya kusema “alichagua vibaya”, fungua kadi ya stoo ya siku ile. Kama dawa sahihi haikuwepo, kosa liandikwe kwenye mstari wa ugavi, si wa mwandikaji. Kinyume chake pia hutokea: sanduku la ceftriaxone linakaribia kuisha muda, na ghafla kila mtu ana ugonjwa wa kuchomwa sindano.

Kemisti nazo mwazihesabu?

Daftari la zahanati haliwezi kuziona. Kisheria antibaiotiki huuzwa kwa karatasi ya daktari. Mtaani vinauzwa vidonge vinne kwa mfuko wa mtu. Muulize mgonjwa, kabla ya kuandika, amekwisha kumeza nini nyumbani.

Na punda?

Huulizwa kwa mzaha, ila Lamu punda ni wengi na sindano za oxytetracycline wanazijua. Hawamo kwenye MOH 204. Lakini mwenye punda akija na kidonda mkononi, muulize ile dawa ya mnyama ameitumia mwenyewe. Nimewahi kuambiwa ndiyo.

Twahitaji kibali? Na majina ya wagonjwa?

Kituo kikijikagua ili kijirekebishe, ruhusa ya mkuu wa kituo na ya ofisi ya afya ya kaunti inatosha. Ukitaka kuuchapisha kama utafiti, utahitaji kamati ya maadili na leseni ya NACOSTI, tume ya taifa inayosimamia utafiti. Kwa vyovyote, Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inakuhusu: andika umri, jinsia, ugonjwa na dawa, usiandike jina wala simu. Daftari halitoki kituoni. Na usipige picha ya ukurasa ukairusha WhatsApp kuuliza “hapa pameandikwa nini?”, hata kama mwandiko ni wa kuku.

Kuna haja ya kuwauliza wagonjwa wenyewe?

Ipo. Simama karibu na dirisha la dawa, mwulize anayetoka: utameza vipi? Mimi huwauliza 30. Bahasha imeandikwa “1x3” na mtu asema atameza kimoja kwa siku tatu. Ndivyo alivyosoma, na si mjinga. Tangu hapo twaandika saa za Kiswahili: saa kumi na mbili asubuhi, saa nane mchana, saa nne usiku, na idadi ya siku kwa maneno.

Matokeo tuyapeleke wapi?

Kwa walioandika, kwanza, kabla hayajafika kaunti. Kaeni barazani na mistari kumi, majina ya waandikaji yamefichwa, muulizane: wewe hapa ungefanya nini? Hapo ndipo watu husema sababu zao za kweli, kama vile “nilikuwa peke yangu, wagonjwa sitini, na mtoto analia.” Asilimia huja mwisho.

Turudie baada ya muda gani?

Miezi mitatu kwa jambo moja mliloamua kulibadilisha, mwaka mzima kwa ukaguzi kamili, ili kusi lilinganishwe na kusi. Kwenye zahanati moja ya kisiwani jambo hilo moja lilikuwa kuhesabu pumzi. Muuguzi alipiga mstari wa penseli kwenye ukingo wa kila ukurasa, akaandika juu yake “pumzi”. Nilipofungua daftari lile tena, ukingo wa kushoto ulikuwa na nambari, baadhi zimefutwa na kuandikwa upya: 38, 34, 52, 41, 36. Kando ya 52 na 41 palikuwa na amoxicillin. Kando ya zile nyingine, ORS mara moja, na kwingine neno tu: “arudi”.